Barua Nyekundu

Kabla sijajua kwamba Marekani ni nchi, nilijua ni kitambaa. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na doti nzima ya marekani ndani ya sanduku lake la bati, imekunjwa na kuwekewa majani ya mwarobaini ili wadudu wasiitafune, na kila alipofungua sanduku hilo alitukumbusha wajukuu: "Hiyo marekani msiiguse. Ni sanda yangu." Redio ya jirani nayo ikitangaza kwamba Marekani inapiga kura, mimi nakaa najiuliza kitambaa kinapigaje kura.

Nyumbani kwetu ni Bukene, wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora kwenye reli iendayo Mwanza. Wewe msomaji uliyeko Dar au Arusha huenda jina hilo umelisikia mara moja tu maishani, usiku wa manane, treni iliposimama na wauza karanga wakaanza kuita chini ya madirisha. Basi hapo hapo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na watu wa kwetu wakazoea kupima siku kwa treni badala ya saa. Mpunga, pamba, karanga, ng'ombe, ndiyo maisha. Maktaba sikuiona hadi nilipotoka. Mimi nilijifunzia kusoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi, na mpaka leo nikipewa habari iliyokamilika nashangaa, maana nilizoea kusoma nusu ya juu na kujibunia nusu ya chini. Kama nina kipaji chochote cha uandishi, basi kimetoka kwenye maandazi.

Kitabu ninachotaka kukizungumzia nilikutana nacho mwaka 2020, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni mjini Tabora. Kulikuwa na boksi la vitabu vya msaada ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo. Hiki kilikuwa kimeandikwa upya kwa Kiingereza chepesi, jalada limeng'oka, jina limebaki ukurasa wa ndani: The Scarlet Letter, cha Nathaniel Hawthorne. Nikachukua kamusi. Scarlet, ni wekundu. Letter, kamusi ikanipa mawili: herufi, barua. Sasa hebu fikiria mwenyewe. Mtu mzima na akili zake atungeje riwaya nzima kuhusu herufi? Nikachagua barua. Nikaandika kwa penseli chini ya jina lile, kwa herufi kubwa, BARUA NYEKUNDU.

Basi nikasoma nikiisubiri barua. Mwanamke anatolewa gerezani, amebeba kitoto, amevaa kitu chekundu kifuani, watu wa Boston wamejaa uwanjani wanamsema. Nikasema sawa, barua inakuja. Anapandishwa jukwaani, anaulizwa baba wa mtoto ni nani, anakataa kumtaja. Nikasema hapo sasa! Barua itakuwa imetoka kwa huyo mwanamume, na kuna mtu aliyeipeleka, na huyo mtu ndiye atakayekamatwa. Nilisoma kurasa thelathini na ushee nikimtafuta tarishi, moyo unanidunda. Mshkaji wa kitanda cha juu aliniuliza kama nasoma hadithi ya upelelezi.

Tarishi hakuwepo. Kulikuwa na herufi A, imekatwa kwenye kitambaa chekundu na kutariziwa kwa uzi wa dhahabu, na mwanamke anayeitwa Hester Prynne amehukumiwa kuivaa siku zote kwa sababu amezaa na mtu asiye mumewe. Nilipogundua kosa langu nikacheka peke yangu bwenini. Halafu nikaacha kucheka. Nikakirudisha kitabu kwenye boksi kabla sijakimaliza.

Nilikuwa namtafuta tarishi kwa sababu tarishi nilikuwa mimi.

Mwaka 2017 nilikuwa darasa la saba. Dada yangu, tumepishana miaka mitatu, alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa. Kulikuwa na bwana mmoja pale mjini, mtu mzima, ana mke, ana mali ya kuonekana, sisi watoto tulimwamkia shikamoo kwa kupiga goti kidogo na wazee walimpisha kiti. Simtaji, na sababu nitaieleza huko mbele. Bwana huyu alikuwa ananiita nikipita, ananipa shilingi mia tano na karatasi iliyokunjwa pembe tatu. "Mpelekee dada yako, mambo ya masomo hayo." Naisokomeza ndani ya jalada la daftari la hisabati. Simu nyumbani ilikuwa moja, ya baba, nayo ililala chini ya mto wake. Ndiyo maana ikawa karatasi.

Nilipeleka nne. Mia tano mara nne ni elfu mbili. Hesabu hiyo sijaisahau. Tatu za kwanza sikuzisoma, si kwa uungwana, ila zilikuwa zimebanwa na pini. Ya nne haikuwa na pini. Mtoto anayesoma hata karatasi ya kufungia maandazi, wewe unampa barua isiyo na pini? Niliisoma nyuma ya ghala. Ilikuwa fupi. Ilimwambia dada kwamba akiulizwa, aseme ni kijana msafiri wa treni, hata jina hamjui, na kwamba akisema hivyo hatakosa kitu. Akiulizwa nini, haikusema. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu, si mitatu.

Lazima nieleze hali ya wakati ule, kwa wale ambao wameshaanza kuisahau. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 ikatamkwa hadharani, kutoka ngazi ya juu kabisa, kwamba msichana akishapata mimba asirudi shuleni. Upande wa pili, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalikuwa yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Ukiyasoma kwenye karatasi unaona mizani imekaa sawa. Mtaani haikukaa. Msichana anajulikana siku tumbo linapotokeza. Mwanamume anajulikana siku akitajwa, na kutajwa kunazuilika.

Septemba ya mwaka huo wasichana wa shule yao walipangwa foleni wakapimwa mkojo. Kesho yake dada alisimamishwa mstarini mbele ya shule nzima, akaambiwa akusanye madaftari yake. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa na waliokuwepo, na kila mmoja anasimulia tofauti: mmoja anasema alilia, mwingine anasema alikuwa anatazama juu kwenye mti kama anahesabu ndege.

Jioni kikakaa kikao nyumbani, chini ya mwembe. Baba, baba mkubwa, shangazi. Mama amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Dada akaulizwa, akasema ni msafiri wa treni. Jina? Halijui. Treni ya kwenda wapi? Mwanza. Shangazi akapiga makofi ya uchungu. Ndipo baba mkubwa akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayeshinda naye njiani. Umewahi kumwona na mtu?"

"Sijawahi."

Wakaniamini palepale. Mtoto anayesoma sana watu humwamini, wanadhani vitabu vinamfundisha kusema kweli. Januari iliyofuata nikapanda treni kwenda sekondari Tabora na sanduku jipya la bati, na dada akanisindikiza hadi stesheni na tumbo lake la miezi minane, amenibebea ndoo.

Sasa niko mwaka wa pili wa chuo, Dar es Salaam, nasomea fasihi. Muhula uliopita tulikuwa na kozi ya fasihi ya Marekani, na kitabu cha kwanza kwenye orodha, bwana wee, ni kilekile. Safari hii kizima kabisa, pamoja na utangulizi mrefu ambao lile toleo la boksini liliukata.

Katika utangulizi huo Hawthorne anaeleza kazi yake ya ukaguzi katika forodha ya Salem, Massachusetts, alikokaa tangu 1846 hadi 1849, serikali ilipobadilika naye akatolewa. Anadai kwamba humo ndani, kwenye chumba cha juu chenye makaratasi ya zamani, ndimo alimokiokota kile kitambaa chekundu chenye herufi A. Ni uzushi wa mwandishi, lakini uzushi mtamu. Wenzangu wengi waliuruka utangulizi, na siwalaumu, unachosha. Mimi niliusoma mara mbili kwa sababu ya jina Salem. Nilikuwa nimeshalikuta kwenye historia ya Zanzibar.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Konseli wao wa kwanza Zanzibar, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem, na kwa miaka mingi meli za Salem ndizo zilizotia fora katika biashara hiyo. Zilileta kitambaa cha pamba kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, kigumu, kinachovumilia, watu wa pwani wakakiita merikani. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Merikani hiyo ikafungwa marobota, ikapanda mabegani mwa wapagazi, na wapagazi waliosifika kuliko wote njia ile walikuwa Wanyamwezi, watu wetu. Mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili, yaani kama kilo 32, na kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kama miezi mitatu kwa miguu. Stanley naye, alipotumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, alipita Tabora mwaka 1871, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kina mahesabu ya doti za merikani, kwa sababu ndiyo ilikuwa fedha ya njiani. Pamba ya kufumia kitambaa hicho ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani. Pembe tulizozibeba sisi kwenda pwani, nyingi ziliishia Connecticut, zikachongwa vibao vyeupe vya kupigia piano.

Kwa hiyo, msomaji, miaka ile ile Hawthorne anapiga miayo forodhani, Salem ilikuwa bado inafanya biashara na Zanzibar. Yeye mwenyewe anazitaja meli zitokazo Afrika. Anasema pia kwamba jina lake lilikuwa likipigwa kwa rangi nyeusi juu ya magunia na marobota kuonyesha ushuru umelipwa. Nilipofika hapo nikafunga kitabu nikatoka nje ya hosteli kupunga upepo. Sina ushahidi wowote, lakini nani atanizuia kuwaza kwamba mzigo uliomchubua babu wa babu yangu bega ulikwenda kupigwa mhuri wa mwandishi huyu? Bibi tulimzika mwaka 2019 ndani ya marekani yake. Nadhani kitambaa chenyewe hakijawahi hata kuisogelea Marekani, jina tu ndilo lililobaki. Lakini jina hilo lilitembea.

Mnaelewa jinsi nilivyopagawa. Niliandika insha ya kurasa kumi na mbili, nikaikabidhi siku tatu kabla ya muda. Kwenye semina niliongea mpaka watu wakaniita balozi wa Salem. Nilijiona nimepata: ile fasihi ya wakubwa, tunayoisoma kama wageni waliokaribishwa sebuleni wakaambiwa wasiguse vitu, kumbe sehemu ya vitu vya sebuleni tulivileta sisi wenyewe, kichwani.

Mhadhiri wetu, mama mmoja mpole asiye na maneno mengi, aliirudisha na alama za wastani. Mwishoni aliandika kwa kalamu nyekundu: "Historia nzuri sana. Hester yuko wapi?"

Nikarudi kwenye kurasa zangu kumtafuta. Kweli, hakuwepo. Nilikuwa nimebeba merikani, meli, pembe, sandarusi, Stanley na watumwa wa kusini, nikavirundika vyote mbele ya yule mwanamke hadi asionekane. Sehemu moja tu niliwagusa watu wa hadithi yenyewe, aya moja kuhusu Dimmesdale. Kwa ambao hawajakisoma: huyu ni mchungaji, kijana anayependwa na mji mzima, ndiye baba wa mtoto, na kwa miaka saba anafunga mdomo huku Hester anabeba aibu peke yake. Nilikuwa nimemwandika vibaya, maneno ambayo hayastahili insha ya chuo. Kando yake kalamu nyekundu iliuliza: "Hasira hii umeitoa wapi?"

Nikakumbuka jambo jingine la semina ile. Kabla sijaanza kumwaga historia yangu, kijana mmoja aliuliza kwa nini Hester asimtaje tu jamaa, yaishe. "Si ujinga huo?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na jibu. Pengine mimi peke yangu mle ndani nilikuwa na jibu, lenye tarehe na kiasi cha fedha. Nikanyoosha mkono nikaanza kueleza mkataba wa 1833.

Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunapenda sana kusema kwamba tunasoma vitabu vya kigeni "kwa macho yetu". Nami nilikuwa nasoma kwa macho yangu, tena yamefumbuka kweli kweli, ila nilikuwa nimeyaelekeza baharini.

Desemba nikaenda nyumbani. Basi la Mwanza likanishusha Nzega, nikapanda kagari kadogo kanakobeba watu na kuku kwa nauli inayokaribiana. Dada ana kibaraza chake karibu na stesheni, cherehani moja ya miguu na benchi la wateja. Desemba ndiyo msimu wake: sare za shule. Asubuhi ya pili nikamfuata pale na kitabu mkononi.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka, mdogo wangu. Kaa huko, usikalie hizo kola."

Nikamsimulia kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili na kile Kinyamwezi changu kilichoanza kupata kutu. Ilichukua muda wa sketi mbili na nusu. Hakunikatiza hadi nilipomaliza, isipokuwa kuuliza mtoto aliitwa nani, nikamwambia Pearl, yaani Lulu, akasema jina zuri. Kisha akaanza kuuliza maswali yake.

"Hiyo herufi aliishona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa uzi wa dhahabu. Na wale wakubwa wangeridhika na kitambaa kitupu."

"Wangeridhika."

"Basi huyo alikuwa anatafuta wateja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Mji mzima watakutazama hapo kifuani kila siku, bure," alisema. "Ungekuwa wewe ungeweka mshono mbaya?"

Darasani tuliambiwa uzi wa dhahabu ni fahari, ni uasi, ni sanaa inayoshindana na sheria. Haya yote yanawezekana. Lakini kitabu chenyewe kinasema wazi, na sisi tulipita juu juu, kwamba Hester aliishi kwa sindano yake, kwamba gavana alivaa kazi ya mikono yake, na wanajeshi, na wachungaji, na vichanga, na hata maiti. Alilisha mtoto kwa kazi hiyo. Hakuna kati yetu darasani, na mimi mjuzi wa merikani nikiwemo, aliyeuliza mwanamke huyu anakula nini.

Nikamwambia kitu kimoja tu walimnyima: shela za maharusi. Hizo hawakumpa ashone.

"Washamba," dada akasema. Nyuma yake yalikuwa yananing'inia magauni mawili meupe yamefunikwa na nailoni, kazi ya Jumamosi.

Nikamuuliza lile swali ambalo huulizwa kwenye mitihani, kwa nini Hester hakuhama mji, na hakuna aliyemfungia mlango. Alisimamisha mguu kidogo. "Kuhama ni nauli. Na ukifika huko unaanza upya kuulizwa. Hapa walishaniuliza, yamekwisha."

Alisema walishaniuliza, si walishamuuliza. Sikumsahihisha.

Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba waliokatishwa masomo kwa mimba wanaweza kurudi, dada alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa miaka mitatu na cherehani. Alikwenda kuulizia. Mama anasema alirudi mchana uleule, akakaa kwenye mashine, akamalizia suruali ya mtu. Sijawahi kumuuliza aliambiwa nini, na siku ile pia sikumuuliza, kwa sababu kulikuwa na jambo lililonikaa kooni tangu 2017 na nilijua nikilizungusha tena nitaishia Salem.

"Dada. Ile barua ya nne niliisoma."

"Nilijua. Uliikunja vibaya."

Nikakosa la kusema.

"Pembe tatu yake ilikuwa inakwenda kushoto," alisema, "wewe ukaipeleka kulia. Nikasema eh, huyu mtoto kasoma." Akakata uzi kwa meno. "Na kwenye kikao ukasema hujawahi kuniona na mtu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanilinda mimi, au mia tano yako?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na nimelisoma swali hilo pia, kila upande. Nikisema nilimlinda yeye, nakumbuka kwamba barua ya tano niliisubiri. Nikisema mia tano, nakumbuka mikono ya baba mkubwa ilivyokuwa inatetemeka, na nilivyoogopa atakachomfanya. Pale kibarazani nilinyamaza, naye hakungoja jibu. Akanieleza yeye mwenyewe jambo ambalo sikulijua. Mwaka ule baba alikuwa na deni kwa bwana yule, deni la gunia za mpunga, tulikuwa tumeshazila. Dada alilijua kwa sababu mara moja yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuomba muda. "Ningemtaja, yeye miaka thelathini. Ndugu zake wangekuja kudai siku hiyohiyo. Wewe ungekwenda Tabora na sanduku gani?"

Baba halijui hili. Kuhusu ile ahadi ya kutokosa kitu, alituma mara mbili, akaacha. Cherehani dada aliinunua mwenyewe, kwa kupalilia mashamba ya watu na mtoto mgongoni.

Kwenye kitabu cha Hawthorne sababu ya Hester kunyamaza ni mapenzi. Nimekisoma tena nikitafuta deni, sijaliona. Siku hizi nadhani hapo ndipo dada yangu na Hester wanapoachana, na kila mmoja anashika njia yake, na insha yangu ilipaswa kuanzia pale.

Nikamuuliza kama naweza kuyaandika haya. Alifikiri mpaka akamaliza kifungo. "Andika. Ila usimtaje. Si kwa ajili yake." Akanionyesha kwa kidevu upande wa shule, watoto walikuwa wanatoka kwenye masomo ya ziada, mpwa wangu kati yao na begi linalomzidi umri. "Mwanangu anakaa dawati moja na mwanawe. Siku wakijua, nataka wajue kwangu, wasisome mahali."

Kitabu nilimwachia. Kiingereza hasomi sana, alisema atamwekea mtoto. Kwa wakati huu amekilazia chini ya chano la vifungo.

Siku ya kuondoka nilikuwa nasubiri kagari ka Nzega pale stendi na begi langu. Bwana yule akatokea, amezeeka kidogo, shati limenyooshwa. Alinitambua kabla sijageuka.

"Msomi! Unaturudia mjini?"

Nilikuwa nimemwandika Dimmesdale maneno makali mpaka mwalimu akashangaa. Nilikuwa na siku kumi za kufikiri nitasema nini nikikutana na mtu huyu, na sentensi kadhaa nilishazitunga, nzuri tu. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Unasomea nini huko?"

"Fasihi."

"Aha. Safi sana." Akatia mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu mbili. "Soda ya njiani hiyo."

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.